Timba Jipya Halijasema

Kosa nililifanya mimi, tena kwa raha zangu, Jumatano jioni nilipotoka shule. Nalitaja mapema ili msomaji asije akamlaumu fundi, au mtandao, au kompyuta yenyewe, kama nilivyowalaumu mimi kwa siku mbili nzima.

Kompyuta ni ya baba, na baba haoni. Alichimba dhahabu upande wa Geita ujana wake wote, kisha akarudi kulima mpunga, na huko kwenye mpunga presha ya macho ikamchukua jicho moja, halafu la pili, taratibu, kwa miaka. Mama alipofariki nikamleta kwangu Kahama, ninakofundisha hesabu sekondari. Mwaka jana fundi mmoja anayezunguka kuwasaidia wasioona alimtengenezea kompyuta ya mtumba, ile ya kukunja. Akaweka mfumo wa bure, na ndani yake programu inayosoma kwa sauti kila kilichopo kwenye kioo. Ukibonyeza herufi, inaitaja. Ukifungua barua, inakusomea. Kioo chenyewe kwa baba si kitu, hata kikipasuka leo hatajua. "Kwangu hii ni sauti duhu," huwa anasema, yaani sauti tu, basi.

Sauti hiyo inazungumza Kiswahili kilichonyooka kupita kiasi, kisichopanda wala kushuka, na kila neno linatoka na uzito mmoja. Baba aliipa jina siku ya kwanza. Aliiita Mgeni, kwa sababu hakuna mtu wa hapa anayetamka hivyo. Tangu hapo kila asubuhi, akishanawa uso, anakaa mezani, anapapasa kitufe cha kuwashia, na mashine ikianza kusema anaisalimia kwa Kisukuma: "Mwangaluka." Halafu anasubiri kidogo, maana aliyesalimiwa hupewa nafasi ya kuitikia. Mgeni anataja saa na kiasi cha chaji kilichobaki. Baba anajibu, "Mhola," yaani salama, na kazi inaanza. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Baadaye nikagundua kwamba nisipoisikia salamu hiyo chai hainishuki vizuri.

Alijifunza kuchapa kwa vidole viwili, vidole vilivyozoea sururu, naye alikuwa ameshavuka sitini. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sijui nilizitoa wapi maana hazikutoka kwake, na ningekuwa mimi ningeshairusha ile kompyuta dirishani. Yeye alikosea, akafuta, akarudia. Kwa miezi minne alikuwa akiandika kitu kimoja tu.

Zamani huko Geita alikuwa na mwenzake, kijana wa Kizinza kutoka upande wa Chato, mkubwa kwake kwa miaka michache. Walichimba duara moja, yaani shimo moja la dhahabu, walilala kibanda kimoja. Yule mwenzake alifia shimoni. Mkewe alikuwa mjamzito, akarudi kwao Chato, akajifungua msichana. Msichana huyo sasa ni mtu mzima, anauza dagaa na sato, na mwanzoni mwa mwaka alitafuta namba ya baba kwa wachimbaji wa zamani mpaka akaipata. Alimpigia akamwambia jambo moja: anataka kujua baba yake alikufaje, maana kwao kila mtu anaeleza lake.

Baba alimwambia aje, ila ampe muda. Alipokata simu akaniambia, "Siwezi kuyasema kwa mdomo. Nimejaribu peke yangu chumbani, nafika mahali nakwama. Nitayaandika. Siku akija Mgeni atamsomea, mimi nitakaa pembeni."

Nikamwambia kwamba hilo ni jambo jepesi, aandike, mimi nitamsomea mtoto wa watu.

"Wewe hapana," akasema.

Alisema kwa upole, lakini niliumia. Mimi ndiye ninayemkata kucha, ndiye ninayempaka mafuta ya mgongo, halafu kuna jambo ambalo mashine inaruhusiwa kulijua na mimi siruhusiwi. Nilimwahidi kwamba sitayasoma aliyoandika, na sikuyasoma, ingawa yalikuwa mezani kwangu kila siku na macho ninayo.

Basi wiki yenyewe ikafika. Mgeni wa kweli, yule wa Chato, alituma ujumbe kwamba Jumamosi atakuwa kwetu. Baba alipanga Alhamisi na Ijumaa asikilize maandishi yake yote mara ya mwisho, arekebishe alipokosea, ayaache. Mimi Jumatano nikajifanya mwenye busara. Kompyuta ilikuwa imeomba kusasishwa kwa wiki kadhaa, nami nikasema niimalize leo, isije ikamletea usumbufu mbele ya mgeni.

Kati ya vitu vilivyosasishwa ilikuwamo kerneli. Kwa asiyejua, kerneli ndiyo moyo wa mfumo, ile sehemu inayozungumza na vyuma: kioo, vitufe, spika. Ikibadilika hiyo, kila chuma kinapaswa kufahamiana nayo upya. Niliizima kompyuta, nikaiwasha kwa kerneli mpya, nikaona picha imekuja, saa iko sahihi, mafaili yapo. Nikaridhika. Mgeni nilikuwa nimemnyamazisha, kama ninavyofanya siku zote nikiitumia mimi, kwa sababu ananichosha kunitajia vitu ninavyoviona. Kwangu kompyuta ni kioo. Hilo ndilo lililoniponza.

Halafu nikafagia. Mimi sipendi kitu kisichotumika kikae ndani, hata makopo ya maziwa ya unga kwangu hayalali. Mfumo wenyewe ulikuwa umeibakiza ile kerneli ya zamani pembeni. Nikaona inakula nafasi bure kwenye diski ndogo, nikaandika amri, nikaifuta kwa mkono wangu. Nikafunga kompyuta, nikaenda kuchambua mchicha.

Alhamisi asubuhi nilikuwa jikoni nikasikia kitufe kikibonyezwa. Nikasikia baba akisubiri. Akasema, "Mwangaluka." Kimya. Akasema tena, polepole zaidi, kama mtu anayedhani mwenzake hajasikia. Nilipotokeza mlangoni alikuwa ameweka viganja viwili juu ya vitufe bila kubonyeza chochote.

"Mgeni ameondoka bila kuaga," akaniambia.

Nikacheka, nikamwambia ni mimi nilimnyamazisha jana, ngoja nimwamshe. Nikaondoa kizuizi cha sauti. Kimya. Nikapandisha sauti mpaka juu kabisa. Kimya. Nikachomeka spika za masikioni, nikachomoa, nikazima, nikawasha. Kengele ya shule hainisubiri, ikabidi niende. Nilimwacha amekaa pale pale, kikombe cha chai mkononi, na siku hiyo nilifundisha vibaya sana.

Jioni nilifungua mipangilio ya sauti. Mahali panapoorodheshwa spika palikuwa na kifaa kimoja tu, na jina lake kwa Kiingereza lilikuwa na maana ya spika ya bandia. Yaani mfumo haukuona spika yoyote, ukajiwekea ya kujifanya ili usionekane hauna. Ukicheza sauti, mstari wa kijani unapanda na kushuka vizuri kabisa, na hakuna kinachosikika. Nilikasirika zaidi kwa sababu ya ule mstari wa kijani. Bora kingekuwa kimekufa kikaonekana kimekufa.

Nilisoma kwenye simu maneno ya watu waliopatwa na jambo hilo hilo, watu wa nchi ambazo sitafika. Mmoja alisema zima huduma ya sauti uiwashe upya. Nikafanya. Mwingine alisema futa mipangilio yako ya zamani. Nikafanya. Wa tatu alisema na yeye ana tatizo kama hilo, basi, akaishia hapo. Nilijaribu hata kuhamishia mstari mmoja wa majaribio kwenye simu yangu ili simu isome, ikausoma kwa Kizungu, "habari ya asubuhi" ikatoka haina kichwa wala miguu. Baba alicheka mpaka akakohoa. Alipomaliza kucheka akasema, "Hapana, mtoto wa marehemu hawezi kusomewa hivyo," na hatukuijaribu tena.

Kwa nje hakulalamika. Ila nilimwona Ijumaa asubuhi akienda mezani, akakaa, asibonyeze. Alikuwa anapitisha kidole kwenye ukingo wa kompyuta, huku midomo ikicheza. Nilielewa kwamba anajaribu kuyasema kwa mdomo, mazoezi, ikiwa itabidi. Alifika mahali midomo ikasimama. Nikajifanya natafuta sufuria.

Fundi alipokea simu Ijumaa mchana nilipotoka shule, baada ya mimi kumpigia mara nyingi kuliko inavyofaa. Nilikuwa nimeketi na baba uani, simu nimeiweka sauti ya nje. Nilimweleza yote niliyojaribu, kwa fahari kidogo, maana nilitaka ajue si mjinga anayempigia.

"Pole mwalimu," akasema. "Hiyo spika ni ya kabila la peke yake. Kerneli haiji na dereva yake, ile programu ya kuiendesha. Ile dereva ya sauti niliijenga mwenyewe siku ile, mkaona nimekaa mpaka nikala chakula cha mchana kwenu. Kila kerneli ikibadilika inajijenga upya yenyewe, lakini inahitaji ramani ya hiyo kerneli mpya. Sisi tunaita vichwa. Umeshusha kerneli bila vichwa vyake, kwa hiyo haikujengwa."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Usihangaike. Ukiwasha, kwenye ile orodha ya mwanzo chagua kerneli ya zamani. Sauti itakuwepo kama kawaida, mzee aendelee na mambo yake. Vichwa utavishusha taratibu ukipata mtandao mzuri."

Nilimtazama baba kwanza.

"Ile ya zamani nimeifuta," nikasema.

"Ah," akasema. "Mwalimu." Halafu kwa adabu akanitajia amri ya kushusha vichwa, nikaiandika nyuma ya daftari la mahudhurio, akaniaga.

Baba alikuwa amegeuza uso upande wangu. "Ile ya zamani umeitoa lini?"

"Jumatano, baba. Nilivyomaliza tu kuweka mpya."

"Na mpya ilikuwa imeshasema?"

Sikumwelewa. Akanieleza, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumsikia akieleza kitu cha shimoni. Duara linashikiliwa na matimba, zile nguzo za mti zinazozuia kuta zisifunge. Timba likioza huliondoi ukaweka jingine. Unaweka jipya ubavuni mwa lile bovu, unaondoka. Jipya likikaa kimya bado halijabeba kitu, limesimama tu. Unasubiri, hata siku nzima, mpaka mlima ulikalie, na likikaliwa linatoa sauti, linasema. Mtu anashuka kusikiliza. Timba jipya likishasema, ndipo la zamani linatolewa. Kabla ya hapo hata liwe limeoza vipi, haliguswi.

"Timba jipya halijasema, ng'wanone," akasema, akiniita mwanangu kwa Kisukuma, "wewe umeng'oa la zamani."

Nikaomba radhi. Aliinuka, akafuata ukuta mpaka nyuma ya nyumba kwenye banda la kuku, akakaa huko hadi jua likapungua. Nilijua nimemkasirisha, tena baba asiyekasirika, na nikalia kidogo huku naosha vyombo. Sikujua kwamba hakuwa ananifikiria mimi hata kidogo.

Nilianza kushusha vile vichwa papo hapo. Umeme ukakatika, na mnara wa simu nao ukalegea. Faili likafika robo, likakatika, nikaanza upya. Jumamosi asubuhi umeme ulirudi lakini mtandao ulikuwa unatambaa. Nilikuwa nimehesabu kwamba mgeni atafika alasiri, basi la Chato lipite Geita, lifike kwetu, apate na boda ya kumleta. Nilikuwa na muda. Saa tatu asubuhi mtu akabisha hodi. Alikuwa amelala Geita kwa ndugu yake ili awahi, maana, alisema, hakuweza kukaa nyumbani akingoja.

Mwanamke mfupi, kitenge kimefungwa vizuri, mkononi sato waliokaushwa wamefungwa kwenye gazeti na mfuko. Alipiga goti kidogo. "Shikamoo mzee," akamwambia baba.

"Marahaba. Za safari?"

"Safari njema, mzee."

Baba hakuuachia mkono wake. Alikuwa anausikiliza kwa vidole, naweza kusema hivyo, na yule dada akamwachia bila kuona haya. Nikaleta chai na viazi vitamu. Tukaulizana habari za ziwa, za mpunga, za mvua. Kompyuta ilikuwa wazi mezani, na pembeni mwa kioo ile hesabu ya kushusha faili ikisema arobaini kwa mia, arobaini na moja.

Salamu zilipoisha hapakuwa na pa kujificha. Baba akamweleza mwenyewe: kwamba ameandika, kwamba mashine ilipaswa kusoma, kwamba mashine imepoteza sauti. Hakusema nani aliipoteza. Nikasema ni mimi. Nikasema pia kwamba mzee akiruhusu naweza kumsomea, na nilipokuwa nasema hivyo nilimwangalia baba, na baba akatikisa kichwa, hapana.

"Yameandikwa Kiswahili?" akauliza yule dada.

"Kiswahili," baba akasema.

"Basi nitasoma mwenyewe. Si ni yangu?"

Nadhani katika miezi ile minne yote baba hakuwahi kuliwaza jambo hilo. Alikuwa amejiandaa kusikia maneno yake kwa sauti ya Mgeni, ambaye hana ndugu duniani. Nilifungua faili, nikamwelekeza dada wa watu mahali pa kusogeza, nikaanza kutoka.

"Na wewe kaa," baba akaniambia.

Nikakaa kwenye kigoda cha jikoni, karibu na mlango.

Alisoma kama mtu aliyesoma shule ya msingi akaishia hapo, kwa sauti, akifuata mstari kwa kidole, akituliza pumzi kwenye kila nukta. Maandishi yalianza na baba yake alivyokuwa anapika uji wa asubuhi kwa zamu ambazo hazikuwa zake, kwa sababu baba yangu alikuwa mvivu kuamka. Alitabasamu hapo. Yalisema alivyokuwa anaogopa mbwa na haogopi shimo. Yalisema alipopata habari kwamba mkewe ana mimba alinunua kitenge cha kumbebea mtoto kabla hata tumbo halijaonekana, wenzake wakamcheka, akakiweka chini ya godoro.

"Kipo," akasema yule dada, akiacha kusoma. "Cha njano. Mama alinibebea hicho hicho."

"Nilikipeleka mimi," baba akasema. "Na nguo zake."

Akaendelea kusoma. Alifika kwenye siku yenyewe. Nayaandika hapa kwa idhini ya wote wawili, kama nilivyoyasikia.

"Asubuhi tuliweka timba jipya. Halikusema. Baba yako alishuka akalisikiliza, akasema tuliache mpaka kesho. Mimi nilikuwa nalihitaji lile la zamani kulikata, niweke vipande mahali pengine, na nilikuwa nimechoka kupanda na kushuka. Alipoinama kujaza mfuko, nililitoa. Sikumwambia. Mimi nilikuwa upande wa ngazi. Niliposikia jipya linasema nilifurahi, nikadhani limebeba. Lilikuwa linavunjika."

Nilikuwa naangalia mikono ya yule dada kwa sababu sikuweza kuangalia uso wa yeyote. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo. Kikarudi mwanzo wa mstari, kikapita tena polepole, na safari hii alisoma kimya, midomo tu. Baba alikuwa ameshika magoti yake. Ndipo nikaelewa banda la kuku. Nikaelewa na ile "wewe hapana", kwamba hakunificha kwa kutoniamini, alinificha kwa sababu mimi ni mwanawe na alitaka angalau mtu mmoja duniani asilijue.

Kioo kikafifia kama kinavyofanya kikiachwa. Yule dada akagusa kitufe, kikawaka.

"Baba mdogo," akasema. "Niendelee?"

Tangu aingie alikuwa akimwita mzee.

"Endelea, ng'wanone," baba akasema.

Akaendelea. Kulikuwa kumebaki kurasa nyingi, za jinsi walivyomchimbua, nani alishika sepetu, alizikwa wapi, jiwe lipi limewekwa alama. Alisoma yote mpaka nukta ya mwisho. Kisha alisogea akakaa chini kwenye mkeka, miguuni pa baba, wakalia wote wawili bila haraka, na mimi nikatoka kwenda kuwatengeneza wale sato. Faili la vichwa lilikuwa limemaliza kushuka zamani, hakuna aliyeliona.

Alilala kwetu. Jumapili tulimsindikiza stendi na mfuko wa mchele, baba akiwa amemshika mkono njia nzima ingawa mimi ndiye ninayeijua njia. Baba aliahidi kwenda Chato baada ya mavuno, akaone kaburi la mama mtu.

Tuliporudi nikaketi kwenye kompyuta. Sasa sikuwa na haraka, na kazi isiyo na haraka huwa inakubali. Nikaweka vile vichwa, nikaandika amri aliyonipa fundi, maandishi yakateremka kwenye dirisha jeusi kwa dakika kadhaa, dereva ikijengwa kipande kwa kipande, na mwishoni ikaandika kwamba imekamilika. Nikazima. Nikawasha. Sikuangalia kioo, niligeuza uso ukutani nikasikiliza.

Mgeni akasema.

Baba alikuwa kitandani. Alikuja akipapasa ukuta, akakaa, na kwa kuwa ilikuwa mchana hakusema mwangaluka. "Mwadila," akamwambia. Akasubiri. Mgeni akataja saa na chaji.

Tangu siku hiyo nimeshasasisha mara mbili, kila mara pamoja na vichwa, na kerneli ya zamani naiacha pale kwenye orodha mpaka baba awe amesalimia na kuitikiwa. Diski imejaa. Acha ijae.

Lakini Jumapili ile hakuandika chochote. Alifungua faili lake, akashuka kwa mshale mpaka kwenye siku yenyewe, akamwacha Mgeni asome. Mgeni akasoma: alipoinama kujaza mfuko, nililitoa, sikumwambia. Hakupunguza mwendo wala hakusimama, na akapita moja kwa moja kwenye kurasa zinazofuata kwa sauti ile ile, mpaka baba akabonyeza kitufe cha kumnyamazisha.

"Amesoma vizuri," nikasema.

"Amesoma vizuri," baba akakubali. "Ila huyu hajui alichokisoma. Yule alijua, na akaendelea."